Chini ya Kishungi

Tarehe 6 Februari

Mpwa wangu, Daktari wa Bata,

Najua utakunja uso ukiliona jina hilo. Utasema wewe si daktari, ni mtaalamu wa maabara tu. Kwangu mimi, mtu anayevaa koti jeupe na kupasua kuku ni daktari, basi tusibishane.

Huku tu wazima. Masikio ndiyo yale yale, msumeno wa kiwandani ulishayala na hayarudi. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu na kubaki nikiuliza "nini? nini?" kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Goti la kushoto limetulia. Paa la jikoni nimeliziba kwa mikono yangu mwenyewe na halivuji, isipokuwa pale lilipokuwa halivuji zamani. Mkaza mjomba wako hajambo, anakusalimu sana.

Jaji, yule bata wangu dume, naye anazidi kupendeza. Kishungi chake cha manyoya kichwani sasa ni duara kamili, cheupe, kikubwa kama ngumi yangu, na akivuka ua taratibu utadhani anakwenda kusoma hukumu. Watu wanasimama ukutani kumtazama. Mwenye duka la chakula cha mifugo ameniwekea oda ya vifaranga kumi na wawili, wote wa kishungi.

Lakini nina jambo. Katika kila trei ya mayai arobaini, kama kumi yanafia ndani. Sisemi yale ya maji matupu, hayo kila mfugaji anayo. Nasema mayai niliyoyamulika kwa tochi siku ya kumi nikaona mishipa mizuri myekundu, na siku ya ishirini na nane wenzao wanatoboa ganda, yenyewe kimya. Joto la mashine ya kutotolea nalipima asubuhi na jioni. Maji yapo. Mashine haina akili ya kuchagua yai hili liishi na lile life. Mkono wa mtu unayo hiyo akili.

Kuna mtu anayaharibu, na nimeshamjua. Ninachotaka kwako ni karatasi yenye muhuri wa maabara yenu, iseme kwamba mayai haya yalitikiswa, au mashine ilizimwa makusudi. Nitaiweka mezani mbele ya chama cha wafugaji, midomo ifungwe.

Nimekuwekea mayai sita ndani ya debe la biskuti, nimezungushia barafu na vumbi la mbao. Kondakta wa basi aliuliza debe lina nini. Nilimwambia dawa.

Ni mimi mjomba wako, asiyesikia ila anaona.


Tarehe 21 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kuhusu goti. Kuhusu paa sisemi kitu mpaka mvua iseme.

Mimi ni mzima. Bado nakaa katika vile vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani, na bado naamshwa na cherehani zake. Kazini wametupaka rangi mpya ukutani lakini bomba la chumba cha uchunguzi halifungi vizuri, tunafanya kazi na mlio wa tone, tone, tone kutwa. Wewe ungekaa pale kwa raha.

Debe lilifika baada ya siku mbili. Barafu ilikuwa imeshayeyuka. Mlinzi wa getini alikataa kukaa nalo kibandani, akalitoa nje na kulifunika kwa ndoo, na alipokuja kuniita alisimama mbali na mimi kana kwamba harufu ile ni yangu. Mayai nimeyahifadhi kwenye jokofu la kazini. Sitayapasua mpaka unijibu haya machache.

Baba wa mayai haya ni Jaji peke yake? Majike yake nao wote wana kishungi, au wamo wenye kichwa cha kawaida? Na wale majike umewatoa wapi, umewanunua kwingine au wamezaliwa hapo hapo kwako?

Karatasi yenye muhuri sikuahidi. Maabara huandika ilichokiona, haiandiki kile anacholilia mwenye mayai. Nakuomba pia, Mjomba, usimtaje mtu yeyote mbele za watu kabla hujapata majibu yangu. Tafadhali sana.

Mkaza mjomba anaendeleaje? Niambie habari zake kwa urefu. Safari hii umemtaja kwa mstari mmoja tu.

Mpwa wako.


Tarehe 15 Machi

Daktari,

Salamu zako nimezipata, na mimi hapa salama. Mvua imenyesha, na juu ya paa sitasema lolote.

Nilidhani nitapata karatasi, nimepata maswali. Haya, nayajibu. Ndiyo, Jaji ndiye mume wa bandani pote. Majike kumi na manne, wote wa kishungi. Wale wa kichwa kitupu niliwaondoa mwaka juzi, wakija vifaranga wa namna hiyo nawagawa kwa majirani kabla watu hawajawaona wakasema mbegu yangu imechujuka. Na majike nimewazalisha hapa hapa, kadhaa wao ni binti za Jaji. Usinihubirie habari za adabu, hao ni bata.

Sasa kuna jingine, nalo limenishtua. Wiki tano zilizopita, asubuhi, nilifungua banda nikamkuta jike mmoja amelala chali. Miguu inapiga hewa, shingo imejipinda nyuma mpaka mdomo unagusa mgongo. Nikamsimamisha. Akazunguka, akazunguka, kama mlevi anayetafuta mlango, kisha akaenda kula na wenzake kama hakikutokea kitu. Siku tatu baadaye wakawa wawili. Juzi nimemkuta mmoja kaangukia ndani ya beseni la maji, ameshakufa, beseni lenyewe halifiki kina cha kiganja. Nimefuga miaka sita sijawahi kuona jambo hili.

Kwa hiyo tazama mwenyewe. Mtu aliyeanza na mayai sasa amehamia kwa wakubwa. Ni sumu. Nakuletea huyo aliyekufa, amefungwa kwenye karatasi na mfuko. Kondakta safari hii hakuuliza, ametaka nauli ya abiria.

Mkaza mjomba wako yupo, ana mafua kidogo, vinginevyo hana neno. Anasema ule vizuri.

Kuhusu kumtaja mtu mbele za watu, ushauri wako umechelewa kidogo.

Mjomba wako.


Tarehe 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na kazi inakwenda. Kama barua hii unaisoma umesimama, naomba ukae.

Mayai sita: mawili yalikuwa maji. Manne yalikuwa na vifaranga. Nilipopasua la kwanza nilifikiri nimekosea mkasi, nimemjeruhi kifaranga nikiwa nalivunja ganda. Nikaweka mkasi chini. Nikachukua la pili na kulifungua kwa vidole, polepole, kama unavyomenya yai la kuchemsha.

Ubongo ulikuwa nje, Mjomba. Fuvu halikufunga. Pale utosini ambapo mifupa ingekutana palikuwa wazi kabisa, na ubongo umetoka, umekaa juu ya kichwa ndani ya utando mwembamba kama ngozi ya maziwa. La tatu hivyo hivyo. La nne hivyo hivyo. Nilimwita daktari mkuu wetu, mama mmoja ambaye nimemwona akipasua ng'ombe huku anakula karanga. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Hawa hawakuuawa na mtu."

Yule jike aliyefia kwenye beseni tulimpasua siku mbili baada ya kufika. Sumu hatukuiona popote, wala tumboni wala kwenye ini. Tukanyoa kishungi. Chini yake kulikuwa na kinundu cha mafuta, na chini ya kinundu mfupa wa kichwa una tundu, ningeweza kupitisha punje ya mahindi. Ndani ya ubongo wenyewe kulikuwa na donge la mafuta linaloubana. Ndiyo maana alikuwa anaanguka. Kile kishungi ambacho watu wanasimama ukutani kukitazama kinaota juu ya fuvu lisiloziba.

Nakueleza kama daktari mkuu alivyonieleza. Kila kifaranga huchukua chembe mbili za urithi kwa kila jambo la mwili wake, moja kwa baba, moja kwa mama. Chembe ya kishungi ikiwa moja, bata anatoka na kishungi, na huenda akaishi, ila hatari ya tundu na donge anayo. Zikikutana mbili, anafia ndani ya yai. Kwa hiyo kila bata wa kishungi unayemwona akitembea ana moja tu, kwa sababu wenye mbili hawakutoka. Ukimpandisha wa kishungi kwa wa kishungi, basi ukichukua mayai mengi, robo yake hupata mbili. Robo, Mjomba. Kumi katika arobaini. Na wale wa kichwa kitupu uliowaficha kwa majirani ndio waliokuwa salama. Ulipowaondoa wote, ulibaki na wale tu wanaouana kwa kuzaana.

Hakuna mkono wa mtu hapo. Karatasi yenye muhuri nimeiambatanisha. Iweke mezani mbele ya chama, kama ulivyotaka.

Sasa jambo la pili.

Mkaza mjomba hana mafua. Alifika kwangu tarehe 29 Januari na mkoba mmoja, viatu vyake vya mvua vikiwa na tope la banda lako. Aliniambia amekuja kupima macho. Macho yake ni mazima kuliko yangu. Wiki ya pili ndipo alipokohoa yaliyomo moyoni, akaniapisha nisikuandikie kwamba yuko hapa. Barua yako ya kwanza ilipofika alikuwa jikoni kwangu anamenya viazi. Nikamsomea, "Mkaza mjomba wako hajambo, anakusalimu sana." Akaendelea kumenya. Alipomaliza kiazi kile akaniuliza, "Amesema mimi nimesema nini kingine?"

Nilikuuliza habari zake ili uniambie mwenyewe. Ukamzulia mafua. Nimemwomba aniruhusu nikuandikie haya, na amekubali kwa sababu ya karatasi ya maabara tu.

Mpwa wako.


Tarehe 4 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Mwezi mzima nimekaa na barua yako. Mara tatu nimeanza kujibu.

Niliisoma posta, mbele ya dirisha, kwa sababu sikuweza kungoja. Nilipofika kwenye habari za ubongo niliegemea kaunta. Karani akasema kitu. Nikamsoma midomo, alikuwa anauliza kama nimefiwa. Nikasoma mpaka mwisho. Nilipofika pale kwenye viazi, nikamjibu ndiyo.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Trei ilikuwa siku ya ishirini na saba. Nikangoja vifaranga walio hai watoke, wakatoka, nikachukua mayai tisa yaliyobaki nikayapeleka kwenye meza yangu ya useremala, nikayafungua moja moja. Saba yalikuwa kama ulivyosema. Nimefanya kazi na misumeno miaka thelathini, nimeokota vidole vya wenzangu sakafuni nikavifunga kwenye leso. Haya sikuweza kuyashika mara ya pili, nikayafunika kwa koti langu. Halafu nikamshika Jaji. Miaka yote nimemshika, nimempigisha picha, kishungi chake nimekichana kwa mswaki. Sikuwahi kukibonyeza. Safari hii nikapitisha kidole mpaka chini kabisa, na pale ambapo ungetarajia mfupa, pakabonyea. Nikamweka chini haraka, kama kitu cha moto. Alijitikisa, akaenda zake kwa ule mwendo wake. Mimi ndiye niliyebaki nimekaa kwenye tope.

Ngoja nikueleze ya Januari, maana bila shaka umesikia upande mmoja, na upande huo ni wa kweli. Ulikuwa mkutano wa chama, kwenye kile chumba nyuma ya duka la chakula cha mifugo, tumekaa juu ya magunia na viti vichache. Katibu akauliza kwa nini mtu mwenye mashine mpya kama yangu anapoteza mayai mengi kuliko mtu anayeatamisha kwa kuku. Mkaza mjomba wako alikuwa safu ya pili, ndiye aliyekuwa akigeuza mayai yangu kila siku, na hata kalamu ya mahudhurio alikuwa ameishika yeye. Wiki ile alikuwa amelalamikia tope na harufu. Nikaunganisha. Nikasimama nikasema, "Muuaji wa mayai yangu nalala naye kitanda kimoja." Mimi sisikii kicheko, lakini nauona. Mabega ya watu yalikuwa yanatikisika chumba kizima. Na nikafurahi. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba nilifurahi, nikaongeza mengine mawili matatu. Yeye aliweka kalamu juu ya gunia, akachukua mkoba wake akatoka. Niliporudi nyumbani hakuwepo. Nilijiambia, mwenye hatia hukimbia. Sikumtafuta. Hata bata walipoanza kuanguka na yeye hayupo, nilijiambia ameiacha sumu nyuma.

Mwambie kwamba mimi

Hapana. Sijui umwambie nini. Niache hapo.

Lakini na mimi nina swali, na ujibu kama nilivyokujibu yako. Wewe ndiye uliyeniletea wazazi wa Jaji, ndani ya boksi lenye matundu, mwezi ule nilipoachishwa kazi kiwandani. Haya ya chembe za urithi umeyasoma chuoni. Barua yako ya Februari iliuliza moja kwa moja kama majike wana kishungi, kabla hujapasua hata yai moja. Ulijua lini?

Mjomba wako.


Tarehe 17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hapa wote tuna uzima wa mwili.

Nilijua miaka minne iliyopita, mwaka wa pili wa chuo. Nilipokuletea lile boksi sikujua kitu, niliwaona sokoni, wakanichekesha, nikasema hawa watamchekesha na Mjomba. Kisha siku moja darasani mwalimu akatuonyesha ukutani picha ya bata wa kishungi, Jaji mtupu, na picha ya pili ikawa fuvu lake. Darasa zima liliguna. Mimi niliangalia daftari langu.

Jioni ile nilikuandikia barua, kurasa mbili. Sikuipeleka. Likizo iliyofuata nilikuja kwenu nikiwa nimeazimia kusema kwa mdomo. Ulikuwa uani, umenyoa ndevu, unacheka peke yako kwa sababu Jaji alikuwa amempanda paka mgongoni. Unakumbuka ulivyokuwa kabla ya wale bata? Unakaa umeuelekea ukuta tangu chai ya asubuhi, mtu akikugusa bega unaruka. Mkaza mjomba alikuwa ananiandikia kila wiki kwamba anaogopa. Nikatazama yale meno yako nje, nikasema moyoni, mayai kumi si kitu. Kila mwaka nikasema hivyo. Ulipoleta debe nilijua kilichomo kabla sijalifungua. Niliuliza maswali ili nipate wiki tatu zaidi za kutosema.

Sikufikiri kwamba mayai yangetafutiwa mtu.

Nilimsomea mkaza mjomba barua yako yote Jumapili, baada ya kula. Kwenye swali lako nikaweka barua chini, nikamwambia yeye kwanza kabla yako. Akakusanya sahani, akaziosha, akazipangusa, akazipanga kabatini. Ndipo akageuka. "Miaka minne umekaa nalo," akasema. "Mimi nimelala kitandani kwako miezi mitatu na nusu naitwa muuaji, nawe unalo."

Siku mbili hakusema nami. Anapika, anafagia, ananipakulia, lakini neno hakuna, na nyumba yangu ni vyumba viwili, Mjomba, hakuna pa kujificha. Nilikuwa nashuka kwa fundi cherehani kukaa tu.

Siku ya tatu aliniita mezani. Alitaka nimrudie pale ulipoandika, mwezi wa Machi, kwamba hujawahi kuona bata akianguka chali kwa miaka sita. Nikamsomea. Akacheka kidogo, si kwa furaha. Akasema wameanza kuanguka mwaka wa pili. Kila alfajiri alikuwa anaamka kabla yako, anakwenda bandani na kuwainua mmoja mmoja, anawashikilia mpaka kizunguzungu kiishe, anawapangusa tope la mgongoni, ndipo anarudi kubandika chai. Tope alilokuwa akililalamikia ndilo hilo. Wanaokufa aliwazika nyuma ya choo, akakuambia wameibwa na paka mwitu. Kwa hiyo hakuna ugonjwa mpya ulioingia. Aliyeondoka ni mtu wa kuwainua.

Nilimuuliza kwa nini hakukuambia. Alinitazama kama nimeuliza jambo la kijinga. "Masikio yalikuwa yameshakwenda," alisema. "Nilitaka abakiwe na bata."

Mimi na yeye tumeanza kusemezana, kidogo kidogo. Kwako ametuma neno moja, nami naliandika kama alivyolisema: usimwandikie barua. Yale uliyasema kwa mdomo, mbele za watu.

Mpwa wako, ambaye naye hana cha kujitetea.


Tarehe 11 Juni

Mpwa wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Naandika nikiwa nimekaa kwenye meza ya useremala.

Nianze na bata. Jaji nimemtenga na majike. Mayai ya majike wa kishungi sitayaatamisha tena, yanaliwa. Walio hai nitawalea mpaka siku zao ziishe, nimewatandikia nyasi nene na mabeseni nimeyabadilisha na visahani. Nimekwenda kwa majirani, nyumba hadi nyumba, kuomba wale wa kichwa kitupu niliowagawa kwa aibu. Jirani mmoja amenirudishia wanne. Wazima, wanene, wanakimbia wima. Oda ya mwenye duka nimeifuta.

Kunapopambazuka nimekuwa nikiamka kuwainua. Siku mbaya wanafika watano. Unakaa umechuchumaa kwenye tope baridi, umemshika kiumbe anatetemeka mikononi mwako, unangoja. Mgongo unauma hadi saa nne. Nimefanya hivyo wiki tatu tu. Yeye amefanya miaka minne na hakuna hata siku moja niliyomuuliza kwa nini viganja vyake ni baridi anaponipa chai.

Sasa mkutano. Ulikuwa Jumamosi iliyopita, chumba kile kile, magunia yale yale. Nilimwomba katibu nizungumze kwanza. Nikasoma karatasi ya maabara yote, na muhuri nikawaonyesha. Wengi walikuwa wananiangalia kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine. Basi nikatoa vifuniko vya chupa mfukoni, vyekundu na vyeupe, nikavipanga juu ya gunia: chekundu ni kishungi. Huyu baba ana chekundu na cheupe, huyu mama ana chekundu na cheupe. Nikavikutanisha njia zote nne. Viwili vyekundu vilipokaa pamoja, nikavifunika kwa kiganja, nikasema huyu hatoki. Hapo nikaona nyuso zinabadilika. Mzee mmoja aliyeshinda nishani ya maonyesho kwa jike lake alishika kichwa chake mwenyewe, utosini, sijui kama alijijua.

Katibu akaandika kwenye karatasi akanisukumia: "Na bata wangu?" Maana nusu ya chama wamenunua mbegu kwangu. Nikamjibu, "Na wako." Mwenye duka alisimama akatoka nje. Wengine walikuwa wanasema wote kwa pamoja, midomo mingi mno, sikuweza kumsoma hata mmoja.

Nikasubiri watulie. Nikasema: "Januari nilisimama hapa nikasema mke wangu ameua mayai yangu. Nilisema uongo. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hasira, na mlipocheka nikaongeza. Mayai nimeyaua mimi kwa kupandisha vishungi na vishungi, na bata wanaoanguka, yeye ndiye aliyekuwa akiwainua, alfajiri, miaka minne, nikiwa nimelala. Nataka mnisikie vizuri kama mlivyonisikia siku ile."

Hakuna aliyetikisa bega. Nilibaki nimesimama. Mtu asiyesikia hajui kama chumba kimenyamaza au kinamzomea, anabaki kuhesabu nyuso. Kisha nikaona vichwa vinageuka nyuma, mlangoni, kimoja baada ya kingine.

Wewe, mkaza mjomba wako alikuaga Ijumaa kwamba anakwenda kumwona dada yake. Hakwenda kwa dada yake.

Sikumwona mara moja, watu walikuwa wamesimama. Nilichokiona ni kipande cha karatasi kinatoka nyuma, kinapita mkono hadi mkono juu ya magunia, na kila aliyekishika alikitazama kwanza, hawana adabu. Katibu akanikabidhi. Mwandiko niliujua kabla sijasoma neno. Ameandika hivi:

"Umepiga kelele mpaka wapita njia wamesimama barabarani. Tumesikia. Kaa chini, wengine nao waseme."

Nikakaa.

Mjomba wako.